Mayai Manne ya Njiwa wa Babu

Babu alinunua njiwa wawili sokoni Kiboriloni, na muuzaji akaapa mbele ya watu kwamba mmoja ni dume na mwingine ni jike. "Huyu mwenye shingo nene ndiye bwana," alisema, akamgeuza yule ndege miguu juu kana kwamba kuna kitu cha kutuonyesha. Hakikuonekana kitu. Tukapanda nao gari hadi Kibosho, wamo kwenye kikapu kilichofunikwa kanga, na Babu akawapigilia kibanda cha mbao chini ya paa la jiko.

Walipendana kama bwana harusi na bibi harusi. Walikutanisha midomo, walichambuana manyoya, walipokezana kukaa kiotani. Wiki chache baadaye yakaonekana mayai, tena manne. Babu akasema ndege hawa wana baraka, maana njiwa wa jirani walikuwa wakitaga mawili tu. Zikapita siku kumi na nane, ishirini, mwezi. Hakikuanguliwa kitu. Wakataga tena manne, yakaoza. Mara ya tatu Babu alianza kutafuta wa kulaumiwa: kwanza moshi wa jikoni, halafu paka, mwisho jirani mmoja aliyewahi kuwasifia wale njiwa kwa sauti kubwa mno.

Bibi alikuwa anachambua maharage. Akauliza bila kuinua kichwa, "Baba Aloyce, njiwa mmoja anataga mayai mangapi?"

"Mawili."

"Na humo kiotani yapo mangapi?"

Babu alikaa kimya.

"Basi una mama wawili humo ndani. Nenda sokoni ukawatafutie baba."

Nilikuwa darasa la tano. Niliicheka hadithi hiyo miaka mingi bila kujua kwamba siku moja swali lile lile litaletwa mezani kwangu, ndani ya bahasha za kaki.

Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Moshi. Kazi yangu ni damu ya watu, na sikuwahi kuomba ndege. Lakini mtafiti mmoja wa Arusha alikuwa amesikia kwa rafiki wa rafiki kwamba najua kutumia mashine ya PCR, ile inayonakili vinasaba, akashuka na basi la asubuhi akiwa na begi mgongoni. "Shikamoo dada," akasema, ingawa kwa umri tunalingana; nikajua kuna jambo anataka. Akatoa bahasha kumi na tisa. Ndani ya kila moja mlikuwa na unyoya mmoja mkubwa wa kahawia, shina lake nene kama mrija wa soda, na ukinusa vizuri unapata harufu ya kitu kilichokaa juani karibu na mzoga.

Manyoya ya tumbusi. Wengi wetu huku tunawaita tai tu, tunawachanganya na tai wawindaji, na hatuwapendi. Sura yao haiwasaidii. Mwaka 2015 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, liliwapandisha tumbusi wanne wa Afrika hadi daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka porini, na wawili kati yao ni wale unaowaona ukipita Serengeti au Ngorongoro: tumbusi mgongo-mweupe na tumbusi wa Rüppell. Huyu wa pili hutaga kwenye majabali, na korongo la Olkarien, katika milima ya Gol ndani ya Ngorongoro, ni mojawapo ya maskani yake yanayojulikana. Ndiye pia ndege aliyegongana na ndege. (Lugha yetu hapa inachekesha, lakini ndivyo ilivyokuwa.) Novemba 1973, juu ya Abidjan nchini Ivory Coast, ndege ya abiria iliyokuwa takribani mita 11,300 angani ilimgonga tumbusi mmoja, na kilichowawezesha wataalamu kumtambua ni manyoya machache yaliyobaki. Zama hizo walisoma umbo na rangi tu.

Tumbusi huuawa hasa kwa sumu. Mfugaji amepoteza ng'ombe kwa simba au fisi, anamwaga dawa ya wadudu kwenye mabaki ya mzoga ili mla nyama akirudi afe. Pengine fisi anakufa. Tumbusi wanakufa bila shaka, kwa sababu hula kwa kundi na huitana kwa macho kutoka mbali: mmoja akishuka, wote wanashuka. Majangili nao hutia sumu makusudi, maana tumbusi wakizunguka angani askari wa wanyamapori wanajua pa kwenda. Botswana, mwaka 2019, mizoga ya tembo iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537 katika tukio moja.

"Kuwahesabu nimeshawahesabu," yule mtafiti aliniambia. "Ninachotaka kujua ni wangapi walikuwa kina mama."

Hapo ndipo nilipomkumbuka Bibi na maharage yake. Tumbusi, kama njiwa, hawana cha kuonyesha. Dume na jike wana ukubwa ule ule, shingo ile ile iliyopukutika, tabia ile ile. Jozi hutaga yai moja tu kwa msimu, na wazazi wote wawili huatamia na kulisha. Ukiambiwa eneo fulani limebaki na tumbusi arobaini, unaweza kushusha pumzi. Lakini kama madume ni thelathini na manne na majike sita, una jozi sita, basi. Ukipiga hesabu inayotumiwa na wataalamu wa vinasaba vya jamii za wanyama, yaani kuzidisha madume kwa majike kwa nne, kisha kugawa kwa jumla yao, arobaini hao wanarithisha damu yao kama kundi la ishirini tu lenye usawa. Nusu ya ndege unawaona kwa macho, wanaruka, wanakula, wanapigwa picha na watalii, lakini kwenye kizazi kijacho ni kama hawapo.

Nikakubali. Sikudai malipo, jambo ambalo mume wangu ananikumbusha hadi leo.

Mtanzania akisikia kipimo cha vinasaba, wazo la kwanza ni baba wa mtoto. Kwa ndege tunatafuta kitu chepesi zaidi. Wana kromosomu za jinsia, yaani vifurushi vya vinasaba vinavyoamua jike au dume, kama sisi, ila mpangilio wao ni kinyume chetu. Kwetu mwanamume ndiye mwenye mbili zisizofanana, X na Y, na mbegu yake ndiyo huamua mtoto awe wa kike au wa kiume. Kwa ndege, jike ndiye mwenye mbili tofauti, zinazoitwa Z na W. Dume ana Z mbili. Yai linapotoka kwa mama, tayari limebeba ama Z ama W, na baba hana lake. Kwa hiyo kama kuna mahali duniani ambapo mama mkwe angekuwa na haki ya kumsema mke wa mwanawe kwa kuzaa mabinti watupu, ni kiotani. Ninao shangazi wawili waliosimangwa miaka mingi kwa kukosa mrithi wa kihamba. Niliwaeleza habari za Z na W kwenye sherehe ya kipaimara, nikiwa na gilasi ya mbege mkononi. Mmoja alicheka hadi akalia, mwingine aliniuliza kwa nini sikuyasema hayo mume wake alipokuwa hai.

Jeni moja, CHD1, inakaa kwenye Z na nakala yake nyingine inakaa kwenye W. Ni karibu sawa, ila katikati zina vipande visivyofanya kazi ambavyo urefu wake umetofautiana kadiri karne zilivyopita. Mwaka 1998 mtafiti Griffiths na wenzake walichapisha njia inayotumia vianzishi viwili, yaani vipande vifupi vya vinasaba vinavyoiambia mashine ianze kunakili hapa na iishie pale. Unanakili eneo hilo, unapitisha nakala kwenye jeli yenye umeme, vifupi vinakimbia mbele, virefu vinabaki nyuma. Dume anatoa bendi moja, yaani mstari mmoja kwenye jeli, jike mbili. Uzuri wake ni kwamba njia hiyo hiyo inafanya kazi kwa ndege wengi sana, kuanzia shorewanda hadi tai. Mbuni anakataa, yeye na jamaa zake wasioruka, kwa sababu Z na W zao bado hazijaachana vya kutosha. Hao wana vipimo vyao.

Jeli yenyewe hutengenezwa kwa mwani. Si ule wanaolima akina mama wa Zanzibar, ni aina nyingine, lakini kila ninapoikoroga kwenye maji ya moto napata harufu ya pwani, hapa chini ya Mlima Kilimanjaro.

Sasa makosa yangu. Kabla ya manyoya nilitaka kujizoeza kwa damu, nikanunua jogoo na mtetea sokoni Mbuyuni ili wawe vielelezo, ndege ambao jinsia yao haina ubishi. Nikachukua damu kwa kiasi nilichozoea kwa wagonjwa. Nilipoichakata ikageuka kitu kizito kama uji wa muhogo, pipeti ikaziba, nikadhani dawa zimeharibika. Hazikuharibika. Chembe nyekundu za damu ya mtu mzima hazina kiini, kwa hiyo vinasaba tunavitoa kwenye chembe nyeupe, ambazo ni chache. Chembe nyekundu za ndege zina kiini, kila moja. Tone moja dogo linatosha kwa kazi ya mwezi mzima, na mimi nilikuwa nimejaza kichupa! Hilo lina faida yake: ndege mdogo wa gramu hamsini humwondolei zaidi ya asilimia moja ya uzito wake, nawe hata hiyo huihitaji. (Jogoo na mtetea walirudi nyumbani salama. Jogoo tulimla Pasaka.)

Kosa la pili liliniuma zaidi. Nilikata kile kipande cha chini cha shina la unyoya, pale ambapo hubaki ngozi na wakati mwingine kidonge cha damu kilichoganda, nikavitia kwenye vichupa vyenye spiriti, nikaandika namba kwa kalamu ya maka. Namba kubwa, nzuri, za kujivunia. Ijumaa jioni nikaviweka kwenye friza, Jumatatu nikavikuta sita havina jina. Kichupa kimoja kilivuja, spiriti ikafuta wino wa majirani zake wote. Nilikaa kwenye kiti nikavitazama kama mtu aliyepoteza watoto sokoni. Kila mwanafunzi wa wanyamapori anafundishwa hili: andika kwa penseli, kwenye kikaratasi, ukitumbukize ndani. Sisi wa hospitali tulizoea stika za mashine. Bahati nzuri yule mtafiti alikuwa amebakiza nusu ya kila unyoya. Alinipigia akasema, "Usijali dada, nitakuja tena na basi la asubuhi," kwa upole ulionifanya nijisikie vibaya zaidi.

Matokeo ya kwanza yalitoka karibu wote madume. Akafurahi, kwa maana ya kusikitika kitaalamu: alikuwa na jambo la kuandika. Mimi sikufurahi, na nitaeleza kwa nini, maana hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie nami kidogo.

Manyoya yaliyokaa juani kando ya mzoga yana vinasaba vilivyochakaa. Vinakatikakatika, vinabaki vichache, na mashine inapoanza kunakili inaweza kuokota kipande cha Z ikakikosa cha W. Ikitokea hivyo, jike anatoa bendi moja. Bendi moja maana yake dume. Kwa baadhi ya ndege wala nyama, tena, tofauti ya urefu kati ya Z na W ni ndogo mno kwa vianzishi fulani, bendi mbili zinashikana na jicho lililochoka linaona moja. Angalia upande ambao makosa yote mawili yanaelekea. Bendi ikikosekana, jike anageuka dume. Hakuna siku kukosekana kwa bendi kutamgeuza dume kuwa jike. Labda uchafu wa sampuli nyingine, lakini si ukosefu. Kwa hiyo sampuli mbovu haikosei huku na huku kama sarafu inayorushwa. Inakosea upande mmoja, kila siku, kila maabara, na jibu lake linafanana kabisa na habari ambayo watafiti tayari wanaisubiri, kwa sababu ni kweli kwamba katika ndege wengi walio hatarini madume huwa wengi kuliko majike. Uongo wenye sura ya ukweli unaotarajiwa ni mgumu kuukamata.

Nikarudia. Kila sampuli mara tatu, kwa vianzishi vya aina mbili, jogoo na mtetea wangu wakiwa pembeni kwenye kila jeli. Umeme ulikatika mara mbili katikati ya kazi, nikaanza upya. Usiku wa tatu, kwenye namba kumi na mbili, ikatokea bendi ya pili, hafifu kama uzi wa buibui. Nikairudia tena. Ikatokea tena. Kabla ya wiki kwisha "madume" kadhaa walikuwa wamebadilika kuwa mama, na wawili niliwaandikia "haijulikani". Mtafiti alinung'unika kidogo kuhusu hao wawili. Nikamwambia nikimpa jibu la kumfurahisha nitakuwa nimerudi kwa yule muuzaji wa Kiboriloni.

Kipimo hiki kina historia yenye huzuni yake. Mwaka 1990, karibu na mji wa Curaçá, jimbo la Bahia nchini Brazil, walimkuta kasuku mmoja wa buluu wa aina ya Spix, wa mwisho porini. Wenzake waliobaki walikuwa kwenye vizimba vya watu. Ukitaka kumpelekea mwenzi, lazima ujue yeye ni nani; na kasuku wa mwisho porini humkamati ovyo umtoe damu. Wakaokota manyoya aliyoyapukutisha. Vinasaba vikasema dume, jibu likachapishwa mwaka 1995, na mwaka huo huo wakamwachilia jike aliyekuwa kizimbani. Baada ya wiki chache yule jike hakuonekana tena. Dume aliendelea kuishi na jike wa kasuku wa aina nyingine, ndoa isiyo na watoto, hadi mwaka 2000 naye akatoweka. Kipimo kilikuwa sahihi kabisa. Kundi lingine lilirudishwa pale pale mwaka 2022, kutokana na uzao wa vizimbani, ambako kila ndege jinsia yake inajulikana tangu kifaranga.

New Zealand wana kasuku asiyeruka, kakapo. Mwaka 1995 walikuwa wamebaki hamsini na mmoja. Wahifadhi waliwapa majike chakula cha ziada ili watage, na mama walioshiba wakaangua madume zaidi. Nani angefikiri? Ilibidi wapunguze sahani, wampe kila jike kwa kadiri ya uzito wake.

Huku kwetu nafikiria zaidi kasuku wadogo wa Fischer, wenye shingo ya rangi ya chungwa na mdomo mwekundu, ambao wauza ndege huwaita lavubedi. Asili yao ni kaskazini mwa Tanzania. Miaka ya 1980 walinaswa na kusafirishwa nje kwa wingi wa kutisha, na mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai. Lakini vizimba bado vinakamatwa, na aliyekamata anabaki na swali: hawa nawarudishaje? Ukiwaachilia porini kwa kuwatazama tu, unawapanga wawili wawili kwa mapenzi wanayoonyeshana. Lavubedi wa kizimbani hupendana hata wakiwa wa jinsia moja. Babu angekwambia.

Kuna na suala la karatasi. Tumbusi na lavubedi wote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo hata unyoya hauvuki mpaka bila kibali. Na utafiti wenyewe unahitaji ruhusa ya COSTECH, tume ya taifa ya sayansi, na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, kabla hujagusa bawa. Baadhi ya watafiti huona hiyo ni kero. Mimi naiona ni sababu nzuri ya kazi hii kufanyika hapa hapa. Mashine za PCR zimejaa tangu corona, vijana wanaozijua wapo, jeli ni jeli. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa wanyama kumjua mtu wa maabara, na hilo basi la asubuhi linalimaliza.

Nilipomaliza zile bahasha nilimpelekea Bibi picha ya jeli kwenye simu. Babu alishafariki. Bibi alivaa miwani, akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu.

"Mwenye mistari miwili ndiye mama?"

"Ndiye, Bibi."

"Na hii mashine, kupima ndege mmoja ni shilingi ngapi?"

Nikamtajia gharama ya dawa peke yake.

"Yesu wangu. Si ningenunua njiwa kumi, watajijua wenyewe."

Sikuwa na la kujibu, kwa sababu kwa njiwa yuko sahihi. Mwezi uliopita nilipokwenda kumsalimia nikakuta mjukuu mwingine amemletea jozi mpya, wamo kwenye kibanda kile kile cha Babu, mbao mbili zimebadilishwa. Wanakutanisha midomo kutwa nzima. Mayai bado. Nilipokuwa naondoka nilipanda kwenye stuli nikamchomoa kila mmoja unyoya mdogo wa kifuani, Bibi akigomba kule chini. Manyoya yamo kwenye bahasha mbili, droo ya pili kutoka juu, nimeandika kwa penseli.